Vijana wanaotetea mila wasichekwe

Ijumaa moja ya muhula wa pili, mwaka 2025, niliketi katika ukumbi wa shule ya upili ninakofundisha, huku upande wa Meru, nikisimamia mdahalo wa chama cha Kiswahili. Hoja iliyoandikwa ubaoni ilikuwa ya kawaida, nathubutu kusema ya kuchosha: kwamba mila za Kiafrika zimepitwa na wakati. Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua. Wanaoiunga mkono hutaja ndege, tarakilishi na hospitali. Wanaoipinga hutaja heshima, ngoma na mboga za kienyeji. Kisha kengele hulia na pande zote mbili zikakimbilia githeri. Nami nilikuwa nimepakata rundo la insha za kusahihisha, maana sikutarajia kusikia jipya.

Akainuka msichana wa kidato cha tatu, mmoja wa wale ambao mwalimu huweza kumaliza muhula mzima bila kuisikia sauti yao. Baada ya kuwaamkua mwenyekiti, katibu na mtunza saa kama ilivyo desturi, alisema kwamba hakuja kutetea ngoma. "Mimi ni mhafidhina," akasema. Ukumbi uliguna, kwani wengi hawakulijua neno lenyewe, na waliolijua walilijua kama tusi.

Alisema kwamba wazee huwaonya vijana kuwa mwacha mila ni mtumwa, ilhali shuleni mtoto anaponena lugha ya nyanyake huvishwa kipande cha ubao shingoni. Alisema kwamba nyumbani kwao chakula cha jioni, ambacho zamani kilikuwa wakati wa hadithi, sasa huliwa kila mtu akiwa ameinamia simu yake, baba akiwa wa kwanza. Kanisani, akasema, mwanasiasa hupishwa mahali ambapo muumini wa kawaida haruhusiwi hata kukanyaga, almuradi amekuja na bahasha. Chama cha siasa ambacho babake alikishangilia kilivunjika kabla yeye hajamaliza shule ya msingi, na babake akatafuta shati la rangi nyingine. "Kila siku mnatuhimiza tuhifadhi," alisema, akitugeukia walimu. "Tuhifadhi nini? Na nani alitukabidhi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenifanya niandike makala haya. Mimi ndimi niliyekuwa mwamuzi, na mwamuzi hana ruhusa ya kuingilia mdahalo. Lakini swali lile lilinichoma, nami nikalijibu kwa swali lililokuwa karibu na ulimi: "Na ile tohara ya wasichana, nayo tuihifadhi?" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wavulana walipiga meza. Msichana alisimama kidogo, akatazama karatasi yake, akaketi. Upande wake ulishindwa, na alama ni mimi niliyezitoa. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikijiona mtu hodari.

Jumatatu alinifuata hadi chumba cha walimu. Alikuwa mtulivu kuliko mimi. "Mwalimu," aliniambia, "swali lako halikuwa swali. Ulitaka tu watu wacheke." Kisha, kwa sauti ya chini ili walimu wengine wasisikie, akaniambia kwamba nyanyake, ambaye sasa amepita umri wa miaka 80, alikuwa mmoja wa wasichana waliojitahiri kwa mikono yao wenyewe mwaka 1956.

Mpenzi msomaji, ikiwa hukulelewa katika sehemu hizi, huenda tukio hilo hulijui, wala silo ambalo vitabu vya shule hulitilia mkazo. Mimi mwenyewe ni mtu wa Taita, na ingawa nimefundisha huku miaka mingi nilikuwa nikilijua kwa juu juu tu. Mnamo Aprili 1956, wakati wa hali ya hatari, baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Baraza hilo lilifanya hivyo kwa himizo la maafisa wa serikali ya kikoloni, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamelitumia kama mkono wao wa kutawalia. Wazee wakatangaza, machifu wakasambaza habari, na wakubwa wakadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Wasichana walikwenda madukani wakanunua nyembe, wakajificha vichakani na mashambani, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe, bila mkunga wa jadi, bila nyimbo na bila zile siku za kutengwa na kufundwa ambazo ndizo zilizokuwa kiini cha jando lao. Jina walilopewa likabaki kuwa jina la tukio zima: Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuikaidi amri ile.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili tangu Jumatatu ile. Tumezoea kuichora picha ya mabadiliko hivi: wazee wameng'ang'ania ya kale, vijana wanasukuma mbele. Hapa picha imepinduka. Waliotaka mabadiliko ni wazee, tena wazee wanaume, wakiwa na serikali nyuma yao. Walioshikilia ya kale ni wasichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Na walichokishikilia sicho ambacho mimi, mwalimu wa mwaka 2025, ningependa kukiona kikishikiliwa. Mimi naiunga mkono sheria ya mwaka 2011 inayoharamisha ukeketaji, na nilifurahi Mahakama Kuu ilipoitupilia mbali kesi ya kuipinga, mwaka 2021. Lakini nikijiuliza kwa nini msichana ajitie wembe ilhali amekatazwa, siwezi kujibu kwamba alikuwa mjinga. Mambo ya kumfanya msichana kuwa mwanamke yalikuwa mikononi mwa akina mama na akina nyanya. Ghafla yakanyakuliwa na baraza la wanaume, wala hakuna aliyewaambia wasichana ni njia gani nyingine watakayoipitia ili wahesabiwe miongoni mwa watu wazima. Mlango ulifungwa, na mlango mwingine haukufunguliwa.

Mwanafunzi wangu alinieleza sehemu iliyobaki, ile ambayo haimo katika kumbukumbu za mahakama. Nyanyake aliwazaa mabinti wanne. Hakumtahiri hata mmoja. Alimweka kila mmoja ndani kwa siku kadhaa alipobaleghe, akamfunza yale aliyopaswa yeye mwenyewe kufunzwa mwaka 1956 akayakosa: jinsi ya kuuheshimu mwili wake, jinsi ya kukaa na watu, nani ni jamaa yake na nani asiyeweza kumwoa. Alikuwa na msemo wake, kwamba wembe aliununua mwenyewe na hivyo ni haki yake kuutupa. Bibi huyo alifanya hayo nyumbani kwake, kabla ya mwaka 1996 ambapo katika sehemu za Tharaka, jirani zetu hapa, wasichana wapatao 30 walipitishwa hadharani katika jando jipya la kufundwa pasipo kukatwa, lililopewa jina la Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno.

Kwa hiyo nilipomuuliza binti yule mbele ya shule nzima kama tohara nayo ihifadhiwe, nilikuwa nikimuuliza jambo ambalo ukoo wake ulikuwa umelijibu kwa damu na kwa busara kabla mimi sijahitimu ualimu.

Niruhusu hapa, kama mwalimu wa lugha, nilitazame neno lenyewe. Mhafidhina ni mgeni kutoka Uarabuni, na mzizi wake ni ule ule uliotupa hifadhi na kuhifadhi. Mtoto wa chuoni huko Lamu au Mombasa anayeihifadhi Kurani moyoni hufanya kazi inayotokana na mzizi huo. Hatumwiti mtoto huyo mpinga maendeleo. Tunamstaajabia kwamba amebeba kitu kizima kifuani bila kukipunguza herufi. Lakini pia mbuga ya wanyama tunaiita hifadhi, na hapo maana hugeuka: kitu kimezungushiwa ua, kinatazamwa na watalii kwa tikiti, na usiku watu wote hurudi makwao. Naona utamaduni wetu mwingi umehifadhiwa kwa maana hii ya pili. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 tuna Bomas of Kenya, ambako ngoma za makabila yetu huchezwa kwa ratiba. Sina ugomvi na Bomas. Nimewapeleka wanafunzi huko mara kadhaa na walifurahi. Ila mwanafunzi yule hakuwa akidai ngoma ya Jumamosi alasiri. Alikuwa akidai kukabidhiwa.

Na anayedai kukabidhiwa anatushtaki sisi tuliopaswa kukabidhi. Chukua jambo la lugha. Nilipokuwa shule ya msingi kule Taita, katika miaka ya 1980, mtoto aliyepatikana akisema lugha ya nyumbani alivishwa ubao wenye kamba, akatembea nao hadi amnase mwenzake, na jioni wote walioushika siku hiyo wakachapwa. Watoto wa shule mbalimbali wanauita kwa majina tofauti. Mimi nauita kipande, na walimu wa historia watanielewa, kwa kuwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa shingoni kipande cha usajili ndani ya kikebe cha chuma. Niliuvaa mara mbili. Nilipofika darasa la saba nikafanywa kiranja, na kutoka hapo sikuuvaa tena, nikawa mvishaji. Ninazungumza lugha ya mama yangu leo kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikitafuta pa kuweka mguu. Wanangu hawaizungumzi kabisa. Hata hivyo, katika mwaka wangu wa nne kazini, nilikuwa mwalimu wa zamu nikamwadhibu kijana kwa kusema Kimeru katika foleni ya maji.

Katiba ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba serikali itaziendeleza na kuzilinda lugha za kiasili. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mtaala wa umilisi ulioanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 umeweka lugha za kiasili katika madarasa ya chini. Kwa maandishi, basi, nchi hii ni ya kihafidhina kuliko wengi wa vijana wanaoitwa hivyo. Ubao lakini bado upo. Katika shule yangu huning'inia msumarini, nyuma ya mlango.

Kuna kichekesho fulani katika habari za Katiba hiyo ambacho mwanafunzi huyu ndiye aliyenifumbua macho nikakiona. Kura ya maamuzi ilipopigwa, Agosti 4, 2010, makanisa mengi yaliwahimiza waumini kuikataa, kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za kadhi. Wazazi wake, wakiwa waumini wa dhati, walipiga kura ya La. Katiba ikapita kwa takriban asilimia 67. Yeye alikuwa na miaka miwili. Leo anaitembeza mkobani, chapa ndogo iliyochakaa, na anapoulizwa ni urithi gani unaostahili kulindwa na kijana wa Kenya huitaja kwanza. Kile ambacho wahafidhina wa jana walikiogopa kama balaa, mhafidhina wa leo amekizaliwa nacho na hataki kiguswe.

Yaliyotokea Juni 2024 nayaona katika mwanga huo huo. Vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale, na hakuna hoja ya kisomi inayoweza kulifunika jambo hilo. Wengi waliokuwa na mamlaka waliwaita vijana hao waasi na wenye kutaka kuipindua nchi. Lakini walibeba nini? Bendera ya taifa. Waliimba nini? Wimbo wa Taifa, ambao, tukumbuke, ulitungwa mwaka 1963 kwa kufuata lahani ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Walinukuu nini? Vifungu vya Katiba, kwa nambari. Hawakuwa wakidai kitu kigeni. Walidai yaliyokwisha kuandikwa yatimizwe, na kifungu cha 3 kinampa kila mtu wajibu wa kuiheshimu na kuitetea Katiba. Si wote waliokuwa wahafidhina, wala sidai kwamba wangelipenda neno hilo. Hata hivyo, mtu anayesimama mbele ya mtutu kutetea maandishi ya waliomtangulia simwoni kuwa mpinduzi.

Je, kijana wa aina hii aende chama gani? Katika nchi nyingine kuna chama kinachojiita cha wahafidhina, na hata ukikichukia unajua utakikuta mahali pale pale baada ya miaka ishirini. Kwetu Kanu, iliyoundwa mwaka 1960, ilitawala hadi 2002, na baada yake kila rais amekuja na jina jipya: Narc mwaka 2002, PNU mwaka 2007, Jubilee mwaka 2013, kwanza ikiwa muungano kisha chama, na Kenya Kwanza mwaka 2022. Vyama vyetu hufanana na mahema ya harusi: husimamishwa kwa shangwe, na siku ya pili mwenyewe hulipakia turubai lake kwenye lori. Hakuna anayeweza kuhifadhi hema. Kijana anayetamani siasa yenye mizizi akiwauliza wanasiasa msimamo wao kuhusu ardhi, familia au deni la taifa, hupewa wimbo wa kampeni.

Na mila yenyewe, inapofika mikononi mwa wanasiasa hao, hupunguzwa hadi libaki lile linalowafaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilitambua ndoa za kimila za wake wengi. Ilipokuwa Bungeni, wabunge wanaume waliondoa kipengele kilichomtaka mume apate idhini ya mke wa kwanza, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Walioondoa walisema wanaifuata mila ya Kiafrika. Nilimsimulia mwanafunzi wangu kisa hiki, naye akampelekea nyanyake wikendi. Jibu la bibi lilikuwa fupi: mume aliyemleta mke nyumbani kwa siri, zamani zao, aliitwa mwizi.

Nisije nikaonekana nimewapaka vijana hawa mafuta kwa mgongo wa chupa. Uhafidhina wa vijana una sura nyingine, nayo inatisha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, jirani zetu Tanzania, ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Kampeni hiyo, Operesheni Vijana, ilipangwa kuanza Januari 1, 1969, lakini hata kabla ya tarehe hiyo makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika kituo cha mabasi cha Kariakoo, Dar es Salaam. Lengo lililotangazwa lilikuwa utamaduni wa taifa. Sioni kwamba suti na tai za wanaume wa afisini zilikuwa zimeshonwa na babu zetu, na hazikuvuliwa na mtu.

Miaka 45 baadaye tuliyaona hayo hapa kwetu. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo hadharani na wanaume katika kituo cha matatu jijini Nairobi, ati kwa sababu mavazi yake yalikosa heshima. Mamia ya watu waliandamana tarehe 17 mwezi huo, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilibadilishwa ili anayemvua mwingine nguo kwa nguvu afungwe kifungo kisichopungua miaka kumi. Nawaambia wanafunzi wangu wanaojiita walinzi wa maadili wayatazame matukio haya mawili kwa makini. Mila, katika kila jamii ninayoijua hapa Kenya, iliuficha uchi wa mwanamke. Wale wa kituoni waliuanika kwa jina la mila. Yule msichana wa 1956 angalau aliugeuzia wembe mwili wake mwenyewe. Hawa waliutafuta mwili wa mwingine.

Nadhani tofauti iko hapo, na nimejaribu kuieleza darasani bila kufaulu sana. Kuna kijana anayesema, hiki ni changu, nitakibeba. Kuna mwingine anayesema, hiki ni chetu, kwa hivyo wewe utakibeba. Wa pili hupatikana kwa wingi katika simu siku hizi, sauti ikiwa juu, akiwahutubia wanawake juu ya wajibu wao huku mamake akimfulia.

Kuhusu dini sitasema mengi, maana wasomaji wangu ni wa imani mbalimbali. Ila lalamiko la binti yule juu ya bahasha si lake peke yake. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena katika ibada. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa fedha zilizotolewa na wanasiasa katika mojawapo ya parokia zake, zikiwemo za Rais. Nilipozisoma habari za mara ya pili gazetini, walimu wenzangu wazee walisema kanisa limeanza kuwafuata vijana. Mimi niliona vijana ndio waliolikumbusha kanisa kitabu chake.

Turudi shuleni. Katika mkutano wa walimu wa juma lile niliomba ubao ule uondolewe msumarini. Nilikitaja kifungu cha 7, nikautaja mtaala mpya, nikajitaja na mimi mwenyewe. Mwenzangu mmoja akauliza matokeo ya mitihani yatakuwaje. Mwingine, ambaye namheshimu sana, alisema kwamba shule ina watoto wa makabila sita na kila mmoja akianza kusema yake hakutakuwa na shule. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Nilijibu kwamba Kiswahili kipo, na kwamba anayeona haya kwa lugha yake hajifunzi Kiswahili vizuri zaidi, hujifunza haya. Jambo likaahirishwa hadi mkutano ujao. Ninapoandika haya ubao bado uko pale.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya chama cha Kiswahili kabla mdahalo haujaanza, nikawaambia wanafunzi kwamba wiki iliyopita mwamuzi aliingilia mdahalo kinyume cha kanuni, akamdhihaki msemaji badala ya kuijibu hoja yake, na kwamba matokeo yale yamefutwa. Sikumtaja nyanyake, kwa kuwa hakuwa amenipa ruhusa hiyo. Nikamwomba radhi kwa jina. Hakuna aliyecheka. Yeye alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepokea chenji yake kamili.

Kisha mwenyekiti akasoma hoja ya siku hiyo, ambayo ni yeye msichana aliyeipendekeza: kwamba walimu wameshindwa kuwarithisha wanafunzi utamaduni wao. Upande wa kupinga ulihitaji msemaji mmoja mtu mzima, na jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa ubaoni. Nilipewa dakika tano. Nilitumia mbili, nikaketi.